Mhakiki Mkuu wa Nomino

Ilikuwako, na wala haijaondoka, nchi moja yenye milima miwili, mto mmoja na mawaziri sabini na wanne. Jina lake silitaji. Si kwa woga. Ni kwamba wenyeji wenyewe hulitaja wakiwa wamesimama wima, mkono kifuani, nami nimeketi.

Kiongozi wa nchi hiyo aliitwa Mtukufu Mlezi, mtu mpole, mnene, mpenda hotuba. Mwaka huo alialikwa ng'ambo kwenye mkutano wa mataifa, akasimama mbele ya wakubwa wa dunia kuomba msaada. Alisema kwa Kiingereza, kwa sauti iliyotikisa glasi mezani, kwamba nchi yake inashukuru kwa "advices" nyingi na "informations" nyingi ilizopokea, na kwamba sasa inahitaji "furnitures" na "equipments". Kwa lugha aliyonyonya kwa mama yake hapakuwa na kosa: ushauri mwingi, taarifa nyingi, samani nyingi, vifaa vingi. Lakini mama mmoja wa ujumbe wa nchi ya barafu aliziba mdomo kwa kitambaa, mabega yakamtetemeka. Aliyeketi nyuma yake akaambukizwa. Mpaka Mtukufu anafika kwenye "equipments", safu tatu zilikuwa zimeinama kama zinazotafuta vishikizo vilivyoanguka chini ya viti.

Mtukufu alirudi nyumbani bila msaada, akiwa na swali moja tu.

"Nani alitia hizo s?"

Mwandishi wa hotuba akateuliwa kuwa balozi mahali ambapo hakuna ubalozi. Wiki iliyofuata Bunge lilipitisha, kwa makofi, Sheria ya Nomino. Sheria ilisema hivi: kila kitu kilichomo nchini kitatambuliwa rasmi kuwa kinahesabika au hakihesabiki, kwa kadiri Kiingereza kinavyotaka, na mtu yeyote atakayehesabu kisichohesabika atafungwa. Wizara ikaundwa. Jengo likapatikana, magari yakapatikana, wapika chai wakapatikana. Kikakosekana kitu kimoja: mtu anayejua.

*

Mwalimu Mpaluka alikuwa na miaka hamsini na minne, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimalizia mbele ya ubao wa Shule ya Sekondari ya Kigulunde. Alikuwa mwembamba, suruali yake ikishikiliwa na mkanda uliotobolewa matundu ya ziada kwa msumari. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila ukimgusa kwenye mada ya nomino zinazohesabika na zisizohesabika, angekukalisha mpaka ugali upoe. Siku ya kufundisha somo hilo alikuja darasani na bakuli la mchele na kikapu cha ndimu. Aliwaachia wanafunzi wahesabu ndimu, wakamaliza. Kisha akawapa mchele, akaketi, akafungua gazeti.

"Mmeona?" alisema walipochoka. "Kinachohesabika hukubali namba bila kupigana nayo."

Gari jeusi lilimkuta katikati ya somo hilohilo. Wanaume wawili wenye miwani myeusi walimpa nafasi ya kupita nyumbani. Mkewe, Mama Stara, alipoliona gari, aliingia chumbani bila kuuliza, akatoka na sweta, mswaki na sabuni ya kufulia.

"Umesema nini, baba Stara? Na umemwambia nani?"

"Sijasema kitu. Nilikuwa nafundisha 'much' na 'many'."

"Basi ni hiyo 'many'," alisema Mama Stara, akimfunga vishikizo vya sweta kama anayemvisha mtoto. "Siku zote nilikwambia neno hilo lina kelele."

Hakupelekwa gerezani. Alipelekwa ghorofa ya tisa, mbele ya meza pana kama kitanda, na nyuma ya meza alikuwapo Waziri Chanjale. Waziri huyu alikuwa amewahi kushika Wizara ya Mifugo, ya Anga na ya Michezo ya Majini, na zote alizishika mpaka zikakata pumzi.

"Mwalimu," alisema Waziri, "taifa lisilojua kipi kinahesabika na kipi hakihesabiki ni taifa lililolala mlango wazi. Kuanzia leo wewe ni Mhakiki Mkuu wa Nomino. Utapewa muhuri na wino mwekundu."

Machozi yalimlengalenga Mwalimu Mpaluka. Katika miaka ishirini na sita hakuna mkubwa aliyewahi kumuuliza jambo lolote kuhusu nomino.

*

Miezi ya kwanza ilikuwa ya heri. Mafundi seremala walioandika "Furnitures" kwenye vibao vyao waliamriwa kuifuta s mbele ya askari. Fundi mmoja mkaidi, aliyedai kuwa yeye hatengenezi samani moja bali nyingi, alikaa mahabusu siku tatu, akatoka akiwa anatengeneza majeneza tu, ambayo, alisema, hayana utata. Mwalimu Mpaluka alimwonea huruma, lakini moyoni aliona nchi inanyooka. Jioni alipofika nyumbani alimsimulia mkewe habari za s alizoziondoa, na Mama Stara akasema hewala, ale kwanza.

Kisha ukaja ukame, na wanawake wa mjini wakaandamana. Walibeba bango lililosema wanapata maji ndoo mbili kwa wiki. Waziri Chanjale alitoka kwenye roshani, bango likasomwa, na Waziri akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Akina mama," alisema kwenye kipaza sauti, "maji, 'water', hayahesabiki. Hilo silisemi mimi, linasema Kiingereza. Mnawezaje kulalamika kuwa ni machache, wakati uchache ni namba?"

Ofisini Mwalimu Mpaluka alimfuata, muhuri mkononi.

"Mheshimiwa, samahani. Maji hayahesabiki, ni kweli. Lakini ndoo inahesabika. Tunaruhusiwa kusema 'two buckets of water'. Ndiyo njia ya kukihesabu kisichohesabika: unahesabu chombo chake."

Waziri alichukua kalamu.

"Ndoo inahesabika?"

"Inahesabika kabisa, Mheshimiwa."

"Basi tutawapa ndoo."

Wakapewa. Ndoo elfu arobaini, mpya, za bluu, zenye picha ya Mtukufu akinywa maji. Redio ilizitaja kwa idadi asubuhi na jioni. Ndani hazikuwa na kitu, na hapo ndipo Mwalimu Mpaluka alipohisi kwa mara ya kwanza kijiwe ndani ya kiatu. Lakini kanuni ilikuwa sahihi. Aliipitia kitabuni mara mbili, akaikuta sahihi mara mbili.

Kazi zikafuatia. "Work" haihesabiki, kwa hiyo orodha ya wasio na kazi ilifutwa. Kisha ushahidi: "evidence" haihesabiki, kwa hiyo hakuna mlalamikaji aliyeweza kuleta ushahidi wa pili kwa jambo lilelile. Kila mara Waziri alimwita Mwalimu, akamuuliza swali moja la sarufi, Mwalimu akalijibu kwa ukweli, na ukweli huo ukatoka mlangoni ukiwa na kazi nyingine.

*

Sheria ilitaka pia kila barua ya wananchi kwa serikali iandikwe kwa Kiingereza, na ipite kwanza kwa Mhakiki Mkuu. Ikiwa na kosa la nomino, irudishwe ilikotoka bila kusomwa zaidi. Zilikuja kwa magunia. Mwalimu Mpaluka alizisahihisha kama alivyosahihisha madaftari, kichwa kikiwa kimeinama, wino mwekundu ukitembea wenyewe. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu alifungua barua ya kamati ya kijiji fulani iliyoandikwa kwa mwandiko wa kubana: kulikuwa na "informations" kwamba ukuta wa bwawa una "three damages", na kamati inaomba "advices" za haraka. Makosa matatu kwenye mistari miwili! Alipigia mstari "damages", akaandika pembeni kwa subira ya mwalimu: *Damage haina wingi. Ukitia s maana yake ni fidia.* Akagonga muhuri wa RUDISHA.

Waziri alikuwa amepita kuchungulia. Aliposikia maana ya hiyo s alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Fidia! Yaani wanaomba fidia kabla ya hasara!"

Mwalimu Mpaluka naye alicheka, kidogo, kwa heshima. Muhuri ulikuwa umeshakauka na barua nyingine ilikuwa inangoja. Hakutazama juu ya karatasi palipoandikwa jina la kijiji. Kanuni haikumtaka atazame.

Kijiji hicho kiliitwa Lugundo. Kilikuwa bondeni, chini ya Bwawa la Heshima, lililojengwa na shemeji yake Waziri kwa mchanga mwingi na saruji ya kuonjesha. Na pale Lugundo aliishi Kalunde, dada wa kuzaliwa wa Mwalimu Mpaluka, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

*

Bwawa lilipasuka siku ya Jumanne, watu wakinywa chai.

Mwalimu Mpaluka alifika Lugundo siku ya pili yake kwa gari la wizara, ambalo lilikwama kilomita mbili kabla, akavua viatu akatembea. Hakukuwa na kijiji. Palikuwa na tope la rangi ya kakao, na juu ya tope migongo ya mabati, na watu waliosimama mmoja hapa mmoja pale, kila mtu akitazama mahali palipokuwa pake. Alimkuta Kalunde ameketi juu ya kinu kilichopinduka. Kanga yake ilikuwa imekauka na tope, imesimama kama ubao.

"Dada."

"Umekuja," alisema Kalunde. Hakuinuka. "Shemeji yako hayupo. Wajukuu wawili hawapo. Yule mdogo tumempata, mkubwa bado."

Mwalimu alipiga magoti.

"Nimepita nyumba hadi nyumba," aliendelea Kalunde. "Pasipo na nyumba nimesimama palipokuwa na nyumba. Kwa katibu Mlanzi watano, na yeye wa sita. Kwa Bi Sikudhani wanne. Mafundi wa cherehani watatu, walikuwa wameshafungua. Wote ni sitini na watatu. Mwingine akikwambia vinginevyo, mwambie Kalunde amehesabu kwa miguu yake."

Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Katibu Mlanzi aliandika. Alisoma mpaka kidato cha pili, ndiye aliyekuwa na Kiingereza kuliko sote. Alikaa nayo siku mbili, anaandika anafuta. Ukuta ulikuwa na nyufa tatu, Mpaluka. Ulikuwa unatoa jasho. Tulisema, mdogo wangu yuko kulekule juu, itafika kwake."

Aliikunjua. Wino mwekundu haukuwa umechujuka.

"Ni mwandiko wako huu?"

Mwalimu Mpaluka alisoma maneno yake mwenyewe. *Damage haina wingi.*

"Ni wangu, dada."

Kalunde aliikunja tena kwa uangalifu, akairudisha kifuani.

"Niliujua," alisema. "Nilikuwa nikikutazama ukijifunza kuandika."

*

Alipoitwa ghorofa ya tisa, Waziri Chanjale alikuwa amevaa suti nyeusi na uso wa msiba ulionyooshwa vizuri.

"Mwalimu, pole sana. Nchi nzima inalia. Sasa, wafadhili wameandika. Wanataka namba ya waliokufa. Namba ikitoka, watauliza bwawa lilijengwa na nani, na familia yangu ni watu wa haya. Kwa hiyo hatutawapa namba. Tutawapa sarufi." Akasukuma karatasi. "Soma."

Ilikuwa hati ya serikali yenye sentensi moja: *There was some loss of life.* Palitokea upotevu kiasi wa uhai.

"Tuambie wewe mtaalamu. Hiyo 'life' inahesabika?"

"Ina pande mbili, Mheshimiwa," alisema Mwalimu. "Ukisema uhai kwa jumla, haihesabiki. Ukisema uhai wa mtu na mtu, inahesabika. 'One life, two lives.' 'Sixty-three lives,' Mheshimiwa. Inaruhusiwa kabisa. Kamusi zote zinakubali."

"Sikukuuliza kamusi. Katika sentensi hii, hapo ilipokaa, inahesabika?"

Mwalimu Mpaluka aliitazama ile sentensi. Aliitazama kama mtu anayetazama mlango akiomba usiwe umefungwa. Alikuwa ameshafundisha maneno hayohayo matatu kwa ukamilifu, mwaka baada ya mwaka.

"Hapo ilipokaa," alisema mwishowe, "haihesabiki."

"Ala! Basi tunabishana nini? Tia saini."

Hakutia. Alikaa, mikono mapajani, na Waziri akamwacha akae. Waziri alikuwa mtu wa subira aliposhika shingo ya mtu.

"Kwenye ghala la maafa," alisema taratibu, "kuna blanketi mia nne na mahema sitini. Yamepakiwa. Lakini gari la maafa haliwezi kuondoka bila hati ya maafa, na hati haikamiliki bila Mhakiki Mkuu. Nasikia dada yako analala nje. Mvua imeanza tena, sivyo?"

Nje ya dirisha mvua ilikuwa inanyesha.

"Iandikwe kwenye hati," alisema Mwalimu Mpaluka. "Blanketi mia nne. Mahema sitini. Kwa namba."

"Kwa namba," alisema Waziri.

Ikaandikwa. Mwalimu aliisoma mara tatu: *four hundred blankets, sixty tents.* Zote zilikuwa nomino zinazohesabika, zimesimama na namba zake mbele yake. Akatia saini. Alipotoka, mpiga chapa alikuwa anaichukua kwenda kuinakili upya, kwa unadhifu.

*

Lori lilifika Lugundo Jumamosi. Mwalimu Mpaluka alikuwa ametangulia. Alitaka kuliona likishushwa. Watu walijipanga kwenye mstari mrefu, Kalunde akiwa wa nne. Ofisa wa maafa alifungua turubai la nyuma, akasoma nakala ya hati kwa sauti ya kanisani.

"Serikali inawaletea 'some bedding' na 'some shelter'."

"Soma vizuri," alisema Mwalimu Mpaluka. "Imeandikwa blanketi mia nne."

"Mhakiki, ni saini yako hii hapa. 'Bedding', matandiko. 'Shelter', makazi ya muda. Haina idadi."

"Niliandika 'blankets'!"

"Walisema ofisini kuwa 'bedding' ni Kiingereza cha juu zaidi."

Vikashushwa blanketi kumi na moja, mapazia mawili, na godoro lenye nembo ya hoteli. Makazi yalikuwa turubai lilelile lililofunika lori. Lilipofunuliwa, waligundua kuwa lilikuwa limechanika katikati. Mstari haukuvunjika, watu waliendelea kusimama, kwa sababu chini kulikuwa na tope. Kalunde, wa nne kwenye mstari, alipata blanketi. Alimpa mama mwenye kichanga aliyekuwa nyuma yake, akaondoka bila kumtazama ndugu yake.

Mwalimu alimfuata akiwa na viatu mkononi.

"Dada, walibadilisha. Nakuapia, walibadilisha."

"Nimesikia."

"Nifanye nini?"

Kalunde alisimama.

"Wewe ndiye uliyesoma," alisema. "Mimi najua majina tu."

"Basi nipe majina."

Walikaa juu ya kinu mpaka adhuhuri. Kalunde alitaja, Mpaluka aliandika. Hakutumia wino mwekundu.

*

Siku ya Maombolezo ya Kitaifa ilifanyika Lugundo, kwenye jukwaa lililojengwa kwa saruji nzuri. Mabalozi walikuja wakiwa na mabuti mapya. Mtukufu Mlezi alihutubia kwa Kiingereza kwa dakika hamsini. Alizungumzia "loss of life", "damage" na "grief", na hakutia s hata mahali pamoja. Mama wa nchi ya barafu, ambaye safari hii alikuja kama mgeni wa heshima, alitoa kitambaa chake na kufuta machozi ya kweli. Baadaye alimwambia mtu wa karibu kwamba hajawahi kusikia kiongozi wa upande huu akisema kwa ufasaha kiasi kile. Msaada ukaahidiwa palepale, na hakuna aliyeuliza kiasi.

"Na sasa," alisema Waziri Chanjale, "tunamwita aliyeliwezesha taifa kuomboleza kwa usahihi. Mhakiki Mkuu wa Nomino, njoo upokee nishani!"

Mwalimu Mpaluka alipanda. Alivishwa nishani. Kisha badala ya kushuka alikisogelea kipaza sauti, akatoa karatasi mfukoni. Sauti ilikuwa ileile ya darasani.

"Ni sitini na watatu," alisema, kwa lugha ya watu wote waliokuwepo pale chini. "Mlanzi, katibu wa kamati. Mkewe, Bahasha. Watoto wao Lwitiko, Sada, Chungwa na Petu. Ngassa, mume wa dada yangu Kalunde. Wajukuu wake—"

Kipaza sauti kilikatwa. Aliendelea bila kipaza sauti. Kule chini Kalunde alisimama, akaanza kutaja naye kwa kichwa, kwa sababu hakuhitaji karatasi. Watu wawili watatu walifungua midomo. Wengine walitazama matope yaliyokuwa miguuni mwao, na siwalaumu, kwani kila mmoja wao alikuwa amebakiwa na mtu wa kumpoteza. Walifika jina la kumi na tisa. Hapo bendi ya polisi ikaanza wimbo wa taifa, na sheria inataka kila raia asimame wima na kunyamaza.

Redio ilitangaza jioni kwamba Mhakiki Mkuu alizidiwa na furaha ya nishani.

*

Kesi ilichukua nusu saa. Shtaka lilikuwa kuhesabu kisichohesabika, hadharani, mbele ya wageni. Hakimu alikuwa mtu mstaarabu. Alisema mahakama haiwezi kumhukumu mtu kwa jambo la kitaalamu bila kumsikiliza mtaalamu. Akaagiza iletwe hati.

"Saini hii ni yako, Mwalimu?"

"Ni yangu."

"Na kauli hii, kwamba 'loss of life' haihesabiki, ni sahihi kisarufi?"

Mama Stara, aliyeketi benchi la nyuma, aliona shingo ya mumewe ikiinuka. Hiyo ilikuwa nafasi yake. Angeweza kusema si sahihi. Nusu ya mahakama isingejua. Wakili aliyepewa na serikali alikuwa anamkonyeza kwa macho yote mawili. Mwalimu Mpaluka alikuwa kama mtu anayejaribu kumkana mtoto wake huku mtoto amemshika nguo.

"Ni sahihi," alisema.

Hakimu alishukuru. Kwa kuwa mshtakiwa ni mtu wa elimu, alisema, hukumu itasomwa kwa Kiingereza safi. Akasoma: atatumikia "some time". Kifungo cha muda.

"Muda gani?" aliuliza Mama Stara kutoka nyuma, kwa sauti kubwa.

"Mama, 'time' haihesabiki," alisema hakimu, akafunga jalada.

*

Kila Alhamisi Mama Stara na Kalunde huenda gerezani pamoja. Hawazungumzi sana njiani. Kalunde anakaa kwa wifi yake siku hizi, kwa kuwa Lugundo pamepandwa nyasi na kuwekwa kibao cha kumbukumbu, kizuri, kisicho na kosa. Mjukuu mkubwa hakupatikana.

Langoni yupo askari kijana mwenye adabu, aliyesoma Kigulunde. Huwaamkia kwa shikamoo, huwapa kiti.

"Mwanangu," Mama Stara humwuliza, "mwalimu amebakiza muda gani?"

"Amebakiza muda, mama."

"Nipe siku basi. Hata zikiwa nyingi. Nataka nijue tu nihesabu kuelekea wapi."

"Siku zinahesabika, mama," askari humjibu kwa upole, polepole, kama alivyofundishwa. "Ila mwalimu hakuhukumiwa siku."

Alhamisi iliyopita alipokea bakuli la viazi vya kuchemsha. Sheria inataka kila kinachohesabika kihesabiwe kabla ya kuingia ndani, kwa hiyo alivitoa kimoja kimoja mbele ya wanawake wale wawili, akavipanga mezani. Vilikuwa saba. Akachukua kalamu, akaandika sita, cha saba akakitia mfukoni, akafunga lango.